Onyesho la Mavazi ya Takataka: Latufaa Nini?

Nataka kusema machache juu ya jambo ambalo halmashauri ya wanafunzi imekwisha kulipitisha. Nasema juu ya onyesho la mavazi yaliyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa, ambalo litafanywa mwishoni mwa muhula, siku watakapotutembelea wanafunzi wa zamani. Siandiki ili kulipinga. Naandika kwa sababu nimepata kuona onyesho la namna hiyo, na niliyoyaona kesho yake yamenifanya nifikiri sana. Kama tutafanya yale yale, afadhali tusifanye kabisa.

Wakati wa likizo iliyopita vijana wa mtaa wetu, Mombasa, walifanya onyesho lao katika kiwanja cha mpira. Walipanga meza zikawa jukwaa, na umeme ukavutwa kutoka dukani. Walipita wasichana na wavulana kumi na wawili hivi. Mmoja alivaa gauni la makaratasi ya mkate. Mwingine alivaa koti lililojaa vifuniko vya soda, nalo likawa linalia kama njuga kila alipopiga hatua. Kijana mmoja alikuwa na kofia ya wavu wa kuvulia, na msichana mmoja sketi ya vipande vya ndara za rangi zote, zilizookotwa ufuoni. Watu walishangilia. Mimi nami nilipiga makofi hata viganja vikaniuma.

Bibi yangu alikuwa ameketi karibu nami. Yeye ni mzaliwa wa Chula, kimoja cha visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga kama shanga kusini ya Kismayu mpaka karibu na mpaka wa Kenya. Alitazama kimya mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, nguo hizi zafuliwaje?" Nikacheka. Sikuwa na jibu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa miongoni mwa waliojitolea kufagia kiwanja. Nyuma ya jukwaa nikaliona lile gauni la makaratasi ya mkate, limechanika begani, limetupwa juu ya maganda ya viazi na chupa za maji. Sketi ya ndara ilikuwa imekatika vipande viwili. Nikaishika nikaitazama kwa karibu. Gundi ilikuwa mpya, uzi ulikuwa mpya, na kitambaa cha ndani kilikuwa kipya, kimenunuliwa dukani kwa ajili ya usiku ule mmoja. Basi takataka za juzi zilikuwa zimerudi kuwa takataka, na takataka nyingine zimeongezwa juu yake. Ndipo nilipoelewa kwamba swali la bibi halikuwa la mzaha.

Wasomaji wengine watasema kwamba nazidisha, maana onyesho ni kama mchezo wa kuigiza, na mchezo ukiisha watu huvua mavazi wakaenda zao. Kazi yake ni kuwaamsha watu. Nakubali kwamba kuwaamsha watu ni kazi njema, tena kwamba sisi wa pwani hii twahitaji kuamshwa. Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi Kismayu, husema kwamba kuna siku huvuta wavu akaona chupa kabla ya kuona samaki. Wala si kwao peke yake. Mwaka 2019 watu walikwenda kusafisha kisiwa cha Aldabra katika nchi ya Shelisheli, kisiwa kilicho mbali na miji na ambacho hakina wakazi ila watafiti na walinzi wachache. Walizoa tani 25 za takataka. Wataalamu walipopiga hesabu ya zilizobaki, walikadiria tani 513, na ndani yake ndara 360,000. Fikirini, ndara 360,000 mahali ambapo hakuna miguu ya kuzivaa! Bahari yetu ya Hindi haina ukuta. Upepo wa kusi huleta vyake na kaskazi huleta vyake, na kitu kilichotupwa katika mto wa nchi nyingine chaweza kuja kulala mlangoni mwa mtu ambaye hakukinunua wala hakukiona kikiwa kipya.

Basi kuwaamsha watu ni wajibu. Lakini nauliza, je, aliyeamshwa afanye nini? Mtu akimwamsha mwenzake usiku kwa kelele, kisha yeye mwenyewe akarudi kulala, amemfaa nini? Amemkatizia usingizi tu.

Iko mifano ya watu walioamsha wenzao kisha wakafanya kazi, nami napenda kuitaja kwa sababu miwili ya kwanza ni ya kwetu kabisa. Kiwayu ni kisiwa cha Wabajuni upande wa Kenya, katika hifadhi ya bahari ya Kiunga. Katika miaka ya mwisho ya 1990, mtaalamu wa viumbe wa baharini, Julie Church, aliwaona watoto wa huko wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndara zilizoletwa na maji. Watoto wale hawakuwa na jukwaa, wala hawakufundishwa na mtu. Walitaka mashua ya kuchezea, na ndara ilikuwa karibu. Kutokana na mchezo ule ikaanza kazi ya kuokota ndara, kuziosha na kuzichonga kuwa sanamu za wanyama, na leo kazi hiyo, iitwayo Ocean Sole, hufanywa Nairobi na sanamu zake huuzwa nchi nyingi.

Mfano wa pili ni mashua ya Flipflopi. Wazo lilianza mwaka 2016, na fundi Ali Skanda wa Lamu akaiunda pamoja na wenzake kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakaipamba kwa vipande vya ndara 30,000. Ilishushwa majini Lamu mwezi wa Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 ikasafiri kwa tanga mpaka Unguja, mwendo wa kilometa 500 hivi. Ilikuwa na rangi nyingi kuliko gauni lolote nililoliona katika mtaa wetu, na watu waliishangilia kila bandari. Lakini angalieni tofauti. Chombo kile kilielea. Bahari haimwonei mtu haya wala haipigi makofi. Chombo kibovu hukizamisha. Ali Skanda hakuweza kufanya kazi ya usiku mmoja, kwa kuwa mtihani wake ulikuwa mawimbi.

Mfano wa tatu watoka Uganda, ambako Juliet Namujju alianzisha kazi iitwayo Kimuli Fashionability. Hutumia plastiki iliyotupwa pamoja na kitambaa, na huwafundisha watu wenye ulemavu kushona. Katika mavazi yao kuna makoti ya mvua. Hapo napo naona akili. Plastiki haipitishi maji. Basi ukiifanya koti la mvua umeiweka mahali pake, na aliyelivaa atarudi nyumbani mkavu. Ukiifanya gauni la karamu umempa mvaaji jasho tu.

Kutokana na mifano hiyo mitatu napata kipimo kimoja, nacho ni kile cha bibi: Je, chafuliwa? Maana yake, je, kitu hiki kitatumika kesho na kesho kutwa? Kama hakitatumika, hatukukiokoa. Tumekichelewesha kidogo njiani.

Sasa sina budi kusema jambo ambalo ni gumu kwangu, na wale tuliokuwa pamoja Kidato cha Pili watalikumbuka. Mwaka ule suruali yangu ya shule ilichanika makalioni. Nilipokwenda nyumbani bibi akaitia kiraka. Alikuwa na kipande cha kitambaa kizito, cheupe kilichoanza kuwa manjano, akakikata akakishona kwa mkono kwa ndani na kwa nje, mishono midogo kama chembe za mtama. Suruali ikawa na nguvu kuliko siku iliponunuliwa. Niliporudi shuleni wenzangu wakaniita "Tanga." Nilipoinuka kujibu swali darasani, walio nyuma walipuliza midomo kama upepo wa kaskazi. Sitaji jina la mtu, maana waliocheka walikuwa wengi, na mimi mwenyewe nilipata kumcheka mwingine kwa sababu kama hiyo katika Kidato cha Kwanza.

Nilivumilia majuma mawili. Kisha jioni moja nikaichukua suruali ile nikaitupa katika shimo la takataka nyuma ya jiko, na nikaomba simu ya shule nikamwambia bibi kwamba imeibwa kambani. Bibi huuza viazi karai na bajia jioni penye kona ya mtaa. Baada ya siku kumi alinipelekea fedha za suruali mpya. Sikuuliza amezipataje.

Nilikuja kujua habari za kitambaa kile mwaka jana tu, nilipomsikia akimhadithia jirani. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia visiwa vyao kwa vyombo vya baharini, wakaja pwani ya Kenya. Bibi alikuja pamoja na babu na watoto wao katika mashua. Walipofika Mombasa wakawekwa kambini, na tanga la mashua ile likawa hema lao. Hema lilipochakaa, sehemu nzima zikawa tandiko. Tandiko lilipochakaa, likawa mifuko ya kuchukulia bidhaa sokoni. Na mfuko wa mwisho ulipochakaa, kipande kilichobaki kizima kikawa kiraka cha suruali ya mjukuu wake. Wenzangu walisema kweli bila kujua. Lilikuwa tanga hasa, lililowaleta watu wetu salama, nami nikalitupa penye maganda ya ndizi kwa kuogopa kuchekwa.

Ndugu zangu, mimi niliyefanya hivyo ndiye niliyepiga makofi hata viganja vikaniuma kwa ajili ya gauni la makaratasi ya mkate. Hapo ndipo penye shauri langu lote. Inakuwaje kiraka kikiwa juu ya jukwaa, chini ya taa, kiitwe ubunifu, na kikiwa juu ya dawati kiitwe ufukara? Inakuwaje tumsifu tajiri anayevaa gunia kwa nusu saa, na tumcheke maskini avaaye shati lililogeuzwa ukosi kwa mwaka mzima? Ikiwa onyesho letu litatufundisha kustaajabia takataka bila kuacha dhihaka yetu darasani, basi litakuwa limetuongezea unafiki, nao hauhitaji kuongezwa.

Watu wa pwani hii hawakuwa hivyo. Nguo ilikuwa kitu cha thamani, na watu waliijua kazi yake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alisifu nguo zilizofumwa pale, akaandika kwamba zilipelekwa mpaka Misri. Katika karne ya 19 ikaja nguo ya mashine kutoka Marekani, ambayo ndiyo sababu mpaka leo twasema "merikani," na wafumaji wa pwani wakapata mshindani mkubwa. Leso nayo historia yake yasimuliwa kwamba akina mama wa pwani walinunua vitambaa vidogo vya mkononi vikiwa bado pamoja katika jora, wakavikata na kuviunga sita sita wakapata nguo moja pana. Kumbe vazi letu la heshima lilianza kwa kuungwa vipande!

Na leso hiyo hiyo, tazameni ilivyoishi katika nyumba za mama zetu. Ikiwa mpya huvaliwa arusini. Ikizoeleka huvaliwa sokoni, kisha jikoni. Ikilainika huwa mbeleko ya kumbebea mtoto. Ikichanika huwa ya kupangusia, na mwisho huwa kishikio cha sufuria. Hapana anayepiga makofi katika safari hiyo yote, wala hapana taa. Lakini kitu hakitupwi mpaka kimekwisha kazi. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Siku hizi nguo si ghali kama zamani, na labda hapo ndipo ulipoanzia ubaya. Mitumba imejaa sokoni, na shati laweza kupatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Sisemi mitumba ni laana. Imewavisha wengi, na mimi ni mmoja wao. Lakini tusidanganyike kwamba yote yaletwayo ni zawadi. Katika robota moja mna nguo nzuri, mna zilizochanika, na mna zisizofaa hata kwa kupangusia. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki walikubaliana kuizuia mitumba kidogo kidogo ili viwanda vyetu vipate nafasi. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo. Marekani haikupendezwa, na mwezi wa Julai 2018 ikaiondolea Rwanda nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Nchi nyingine zilikwisha kulegea kabla ya hapo. Huko Kampala yuko fundi, Bobby Kolade, ambaye tangu mwaka 2022 huchukua mitumba, huikata na kuishona upya, kisha huiuza kwa nchi zile zile ilikotoka, na kazi hiyo ameiita "Return to Sender," yaani irudishwe kwa aliyeituma. Mtu huyu amefahamu kwamba sindano yaweza kutoa jibu pale ambapo mkutano wa wakuu umeshindwa.

Nimekwisha kusikia hoja tatu za kunipinga, nami nitazijibu kwa ufupi.

Ya kwanza ni kwamba kushona si kazi ya wavulana. Anayesema hivyo si mtu wa pwani, au amesahau. Mafundi cherehani wetu wengi ni wanaume. Wanaume wengi wa pwani hushona kofia, tena kofia nzuri huchukua majuma mengi. Wavuvi hutengeneza nyavu zao wenyewe. Na zamani Wabajuni walikuwa mafundi mashuhuri wa mitepe, vyombo ambavyo mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Babu zetu walishona meli, na sisi twaona haya kushona kifungo!

Ya pili ni kwamba kiraka ni alama ya umaskini. Nakiri kwamba aghalabu anayetia kiraka ni mtu asiye na kitu kingine. Lakini umaskini hauondoki kwa kutupa suruali. Mimi nilitupa yangu, na matokeo yake ni kwamba mwanamke mzee alikaa karibu na moto wa karai jioni nyingi zaidi. Anayeona haya kwa kiraka humtwisha mtu mwingine gharama ya haya yake.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi. Wasema kwamba hata tukishona shule nzima, ndara za Aldabra hazitapungua hata moja. Ni kweli. Takataka za bahari hazitakwisha kwa sindano. Zataka sheria, na zataka wenye viwanda wawajibike kwa wanavyovitengeneza. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na kila mtu aona jinsi miti na mifereji yetu ilivyopata nafuu ya mifuko ile. Hilo halikufanywa kwa maonyesho peke yake. Lakini mimi sina bunge wala kiwanda. Nina sanduku moja la bati chini ya kitanda, na ndani yake nguo saba. Kwa mambo ya serikali naweza kuomba na kuandika. Kwa sanduku langu naweza kuamuru. Mtu asiyeweza kutawala sanduku lake asijifanye mtetezi wa bahari.

Kwa hiyo naleta mashauri manne mbele ya halmashauri.

Kwanza, onyesho letu lipokee nguo zinazovalika tu. Anayeshindana aivae nguo yake siku saba kabla ya onyesho, akiwa darasani, chakulani na uwanjani. Ikikatika, imekatika.

Pili, vitu vitoke hapa hapa shuleni, wala kisinunuliwe kitu ila uzi na sindano. Havikosekani. Kuna magunia ya maharagwe na mchele, kuna shuka na vyandarua vilivyochanika, kuna wavu wa goli uliokufa, na kila mwaka Kidato cha Nne huacha mashati na suruali zisizo na mwenyewe, zikachomwa moto pamoja na makaratasi ya mitihani.

Tatu, zawadi isitolewe siku ile. Itolewe muhula utakaofuata, baada ya nguo kufuliwa mara tatu na kutazamwa tena. Najua itapunguza shangwe, lakini itaongeza ukweli.

Nne, na hili nawaelekea ninyi wanafunzi wa zamani, ambao husoma gazeti hili popote mlipo. Mkija kutuona, kila mara hutuuliza shule yahitaji nini. Safari hii tafadhali msitupe vikombe wala fulana zenye majina yenu. Tupeni vyerehani viwili vya miguu, visivyohitaji umeme, na mtutafutie fundi mmoja atakayekuja Jumamosi kutufundisha kushona, kutia kiraka na kugeuza ukosi. Chumba kipo, kile cha zamani cha vitabu kando ya karakana. Nusu ya kazi iwe ya onyesho na nusu iwe ya kutengeneza nguo za kila mwanafunzi mwenye haja, bila kuulizwa jina la baba yake. Na katika ninyi mkiwa na mtu aliyepata kuvaa kiraka hapa shuleni, naye leo ni daktari au hakimu, aje atuambie siku ile. Maneno yake yatafaa kuliko gauni kumi za makaratasi.

Kabla sijamaliza, huenda msomaji akapenda kujua kama nilimwambia bibi kweli. Nilimwambia, usiku ule ule baada ya kufagia kiwanja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini yalipungua njiani. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Kisha akasema, "Nilijua, mwanangu. Mwizi aliyekosa suruali nzima kambani akachagua yenye kiraka, mwizi gani huyo?" Nikamwuliza kwa nini basi alinipelekea fedha. Akasema, "Ulikuwa waona haya. Mtoto mwenye haya hasomi."

Nilinyamaza. Baadaye aliniletea shati lake la ndani lililofumuka begani, na sindano, na uzi. Macho yake siku hizi hayaoni tundu la sindano. Nilitunga uzi, akanionyesha pa kuanzia, nami nikashona mpaka saa nne. Mishono yangu ilikuwa mikubwa na imepinda kama njia ya kaa. Akaigeuza nguo huku na huku penye taa, akaivuta kwa nguvu kwa mikono miwili, nayo haikukatika.

Hilo ndilo onyesho ninalolitaka hapa shuleni. Nipo tayari kujibiwa katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne